Mama Mkubwa Mbele ya Kishikwambi

Kilichonichefua kwanza ni mdomo wa yule daktari. Ulijaa kwenye kioo cha kishikwambi, ukitafuna chapati, na katikati ya kutafuna ukamwambia mama mkubwa wangu, "Bibi, nitakutajia maneno matano. Sikiliza vizuri, halafu uyarudie." Mafuta yalikuwa yanang'aa kwenye ndevu zake. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, amejifunga khanga mpya aliyoitoa sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huyu anakula?"

"Hapana, mama mkubwa," nikamwambia. "Ni mtandao tu, unavuta picha."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku ile, na ulikuwa mdogo kuliko uliofuata.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi mjini Morogoro zaidi ya miaka thelathini, na nilipostaafu nilikaa nyumbani Kihonda mwaka mmoja tu, nikachoka kuangalia kuku. Ndipo nikasikia kuna mradi unatafuta wauguzi wastaafu. Kazi yenyewe ilikuwa kupima kumbukumbu, akili na viungo vya wazee bila kuwatoa vijijini kwao. Mtaalamu anakaa Dar es Salaam mbele ya kompyuta. Sisi tunapanda mlima na kishikwambi, tunakiegesha juu ya meza, tunamkalisha mzee mbele yake na kupiga simu ya video. Mtaalamu anauliza, mzee anajibu. Sisi tunashika, tunasogeza, na mwishoni tunajaza fomu na kutia saini. Yule wa upande wa pili tulimwita mtahini.

Sitasema wazo lilikuwa baya. Wodini niliona wazee walioshushwa kutoka Uluguru kwa machela, wamelowa mkojo wa njiani, wanafika na kuambiwa daktari wa mishipa ya fahamu hayupo, warudi mwezi ujao. Kwa hiyo niliposikia kwamba daktari atapanda mlima kwa simu, nilifurahi kweli. Nilikuwa wa kwanza kuandika jina.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili. Anaishi juu ya Mgeta, nyumba ya matofali mabichi iliyopigwa lipu mbele tu, na chini yake mashamba ya ngazi yanashuka mpaka kijito: kabichi, njegere, karoti, na pembeni miti michache ya plamu. Hakusoma hata siku moja. Alizaa watoto wengi, amebaki na mmoja, kaka yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini.

Huyo kaka ndiye aliyenipigia. "Dada, mama amekuwa mzito," akaniambia. "Pasaka nilimkuta sufuria imeungua mpaka kitako. Kikombe kikamponyoka mkononi, akakiangalia tu. Na hacheki tena. Hivi huo mradi wenu hauwezi kumpima?"

Nikamwambia unaweza. Nikamweka kwenye orodha yangu mwenyewe, maana sikutaka apimwe na mtu mwingine. Na hapa niseme kitu kinachonitia aibu kama muuguzi. Mimi pia nilikuwa nimeona hacheki tena. Niliona uso wake umetulia kama uso wa picha ya kitambulisho, na mkono wa kushoto unaning'inia tu anapotembea. Nikasema moyoni, ni huzuni ya kufiwa na mume. Nikaishia hapo.

Nilipanda asubuhi ya Jumanne kwa bodaboda. Nilipofika majirani walikuwa wameshajaa mlangoni na dirishani, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba bibi atazungumza na daktari kwenye kioo. Nilitakiwa kuwaondoa. Mwongozo wetu ulisema mzee apimwe mahali pa faragha. Lakini ni ndugu, ni majirani, wengine wamenibeba nikiwa mtoto, nikaona haya kuwafukuza. Wakabaki.

Mtahini alipotokea kwenye kioo hakuamkia. Mtu anayeweza kuwa mjukuu wake alisema, "Hello bibi, mambo vipi?" Mama mkubwa akangoja shikamoo. Nilimwona anaingoja, mdomo umekaa tayari kwa marahaba. Haikuja. Akasema "Salama," na akainamisha kichwa.

Halafu yakaja yale maneno matano. Nilikuwa nimeyasoma kwenye semina, nilikuwa nayajua: meli, zulia, ndimu, kengele, bluu. Mtandao wa kule juu unategemea mawingu yamekaa wapi, na asubuhi ile yalikuwa yanateremka. Kilichotoka kwenye kishikwambi kilikuwa hivi: "Meli... zu... u... gele... bluu." Mama mkubwa akainama kuelekea kwenye kioo, akatega sikio la kulia, kisha la kushoto. "Meli," akasema. Akafikiri. "Na buluu."

"Mengine, bibi?"

"Ni hayo uliyosema, baba."

Dirishani mtu akacheka. Mtahini akaandika, nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Akameza, akaendelea.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Leo Jumanne."

"Tarehe, bibi."

"Tarehe iko kwenye simu ya mwanangu huyu."

"Mwaka gani?"

Akataja mwaka, akakosea kwa mmoja. Mtahini akauliza yupo mkoa gani, wilaya gani, halafu, kwa kuwa fomu ilisema hivyo na yeye anasoma kilichoandikwa, akauliza, "Uko kwenye jengo gani? Ghorofa ya ngapi?"

Mama mkubwa akatazama chini, kwenye sakafu ya udongo aliyoifagia alfajiri. Akatazama juu, kwenye mabati. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimefundishwa nisimsaidie mzee kujibu, na nikalishika fundisho hilo kama mjinga.

"Sijui, baba," akasema.

Alipoambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, alianza kwa kasi. Lakini alianza kwa Kiluguru. Wanyama wa mlimani anawajua kwa Kiluguru, yule anayefukua viazi, yule anayekula kuku, yule anayelia msituni mvua ikikaribia. Alikuwa ametaja saba au wanane nilipomsikia mtahini, "Kiswahili, bibi, Kiswahili!" Mama mkubwa akaacha. Akaanza kutafuta Kiswahili chao, na wengine hawana Kiswahili anachokijua. "Ng'ombe," akasema. "Mbuzi. Ng'ombe." Dakika ikaisha. Kucheka dirishani kukawa kwa watu wawili watatu.

Nikajiambia, vumilia, ni maswali tu.

Kisha nikampa karatasi na kalamu achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Mama mkubwa hajawahi kumiliki saa. Anaisikia redioni. Alishika kalamu kama anavyoshika kisu cha kumenyea viazi, akachora duara iliyobonyea upande mmoja, nikamsaidia kuandika namba, jambo ambalo nalo halikuruhusiwa. Aliposikia saa tano, akaelekeza mshale kwenye tano. Ungemwambia nini? Tano ni tano, ingawa mshale ulitakiwa kwenye kumi na moja. Mtahini akaniambia niisogeze karatasi kwenye kamera, akaitazama sekunde mbili, akasema, "Ahaa, sawa," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Ikabaki mikono na miguu. Kwa mikono, kishikwambi kinatoa duara mbili, na mzee anatakiwa kuigonga moja kwa kidole, haraka iwezekanavyo, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Mama mkubwa akagonga. Hakuna kitu. Akagonga tena. Duara ikakaa vilevile, haikubadilika rangi. Vidole vyake vimelima miaka sitini, ngozi imekuwa ngumu na kavu kama ganda, na kioo hakikuvisikia. Nikachovya kitambaa kwenye maji, nikamlowesha ncha ya kidole. Cha kulia kikasikika, mara kinasikika, mara hakisikiki. Cha kushoto kilianza vizuri, kikapungua, kikapungua, kikasimama juu ya kioo kama kimegandishwa.

"Kifaa kinasumbua," mtahini akasema. "Tuviache vidole. Naandika kawaida."

Mimi niliyekuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake niliona kwamba safari hiyo haikuwa kosa la kifaa. Kidole chenyewe kilishindwa. Nilikiona. Nikafuta maji kwenye kioo.

Kutembea tulikwenda nje, maana chumbani hapakuwa na nafasi. Nikashika kishikwambi, nikamwambia mama mkubwa atembee mpaka kwenye mti wa plamu, ageuke, arudi. Alikwenda kwa hatua fupi fupi, kama mtu anayevuka kwenye utelezi, na kugeuka kulimchukua hatua nyingi. Nilipotazama kioo niliona uso wa mtahini umeganda, jicho moja limefumba, mdomo wazi. Picha ilikuwa imekatika. Alipokaa tena kwenye kiti picha ikarudi, na sauti ikasema, "Nimeona, nimeona. Mwendo mzuri kwa umri wake. Asante bibi, pole."

Hakuona chochote. Aliniongopea machoni, nami nikamjibu, "Asante, daktari."

Ukurasa wa mwisho wa fomu ulikuwa wangu. Ulikuwa na swali moja ninalolikumbuka neno kwa neno: Je, kulikuwa na tatizo la mtandao, lugha, usikivu au kifaa? Ukijibu Ndiyo, upimaji unarudiwa siku nyingine. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimerudia wazee watatu, na msimamizi wetu alikuwa ameniuliza mbele ya wenzangu kama nimesahau kuwasha kifaa. Mawingu yalikuwa yameshafika kwenye paa la kanisa. Mwenye bodaboda alikuwa anapiga honi, anataka tuteremke kabla ya mvua, maana njia ile ikilowa ni kifo. Nikajibu Hapana. Nikatia saini. Nikambusu mama mkubwa shavuni, akaniuliza, "Nimefaulu?"

"Umefaulu, mama mkubwa."

Majibu hayakuja kwangu. Yalikwenda kwa kaka, kwa sababu ndiye aliyeandikwa kama mwangalizi, na kaka akanitumia kwenye WhatsApp. Karatasi moja, juu kuna mstari mwekundu. Upungufu mkubwa wa kumbukumbu na wa kufikiri. Mikono na mwendo: hakuna tatizo. Inashauriwa asiachwe peke yake, asipike, asiachiwe maamuzi. Chini ya karatasi kaka aliandika, "Dada umeona? Mama ameondoka jamani, amebaki mwili."

Nilikuwa jikoni. Niliisoma mara mbili. Nilijua kila mstari wa karatasi ile ulitoka wapi. Nilipaswa kumpigia pale pale. Nikamtumia picha ya viganja viwili vilivyokutana, ile ya kuombea. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Mpaka leo nikiiona ile picha kwenye simu ya mtu yeyote, najisikia uchafu.

Sikupanda mlimani zaidi ya mwezi. Nilijiambia nina kazi, kuna mvua, nina mafua. Kilichonipandisha ni kaka kuitisha kikao cha ukoo.

Nilifika mapema kuliko wengine. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa kwa kamba kutoka nje. Mama wa jirani, aliyewekwa na kaka amtunze, alikuwa anachambua mchicha uani. "Tumemfungia asije akaanguka kwenye moto," akanieleza kwa upole kabisa. "Wewe si ndiye uliyempima? Basi unajua."

Nikafungua kamba. Harufu ilinipiga kabla ya mwanga. Mkojo, wa siku kadhaa, juu ya godoro lisilo na shuka. Mama mkubwa alikuwa amekaa pembeni ya godoro, wamemnyoa nywele, mkono wa kushoto kwenye paja unatetemeka kidogo kidogo kama unasugua kitu kati ya kidole gumba na cha shahada. Pembeni yake kilikuwepo kikombe cha plastiki cha mtoto, chenye uji uliokauka, nzi wametua. Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, nimesafisha vidonda vyenye funza, sijawahi kufunga pua mbele ya mgonjwa. Siku ile nilifunga. Na nilijua kwamba ninachokinusa ni saini yangu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mkojo unakuja, mwanangu, mimi siinuki upesi. Na mlango wameufunga."

Nikaanza kumvua nguo nimsafishe. Wakati nachota maji, mtu mmoja mzima, ndugu yetu wa mbali aliyekuja kikaoni, akachungulia mlangoni akapaza sauti kama anaita ng'ambo ya bonde: "Bibiii! Unanijua mimi ni naaani?" Mama mkubwa hakujibu. Yule akanitikisia kichwa kwa masikitiko, akaondoka. Baadaye mama wa jirani akaniambia hivyo ndivyo wanavyofanya wote. Kila anayeingia anampima. Hata watoto wakitoka shule wanasimama dirishani, wanamwambia, "Bibi, taja wanyama!" halafu wanakimbia.

Niliishia kumfuta mgongo. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka kiunoni. Akaniuliza bila hasira, "Kile kioo chako, kiliwaambia nini?"

Nikakamua kitambaa, nikaendelea kumfuta.

Kikao kilifanyika sebuleni mchana. Alikuwepo mjomba, ndugu yao wa kiume aliyebaki, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye sauti juu ya mashamba ya ukoo, kwa kuwa ardhi yetu inafuata upande wa mama. Walikuwepo mama zangu wadogo wawili wa ukoo, na kaka. Kaka akasoma ile karatasi kwenye simu yake, polepole, akiwa na machozi ya kweli. Kisha akaeleza. Anataka kumhamishia mama mjini kwake. Na kwa mashamba ya ngazi, yupo mfanyabiashara wa karoti aliye tayari kuyalima yote, kwa miaka kadhaa. Neno la mama halihitajiki, kwa kuwa karatasi imeshasema hawezi kuamua.

Sikumwona kaka kuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliamini. Alikuwa anamlilia mama aliyekaa chumba cha pili, yu hai.

Nikasimama. "Ile karatasi ni ya uongo," nikasema.

Kaka akanitazama. "Dada, imetoka kwa daktari."

"Daktari hakusikika nusu ya maneno, na yeye hakumwona mama akitembea. Picha ilikatika. Kidole cha kushoto kilishindwa, akasema ni kifaa. Wanyama aliowataja kwa Kiluguru hawakuhesabiwa. Fomu iliniuliza kama kulikuwa na tatizo, nikaandika hapana."

"Uliandika hapana?"

"Niliandika hapana."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ingefaa niwe na sababu. "Bodaboda ilikuwa inanisubiri," nikasema.

Hakuna aliyecheka wala kunitukana. Mama mdogo mmoja alisogeza kiti chake mbali na changu, kidogo tu, kama mtu anayekwepa mtu mwenye kikohozi. Kaka akaziba uso kwa viganja. "Nimemfungia mama yangu," akasema ndani ya viganja. "Nimemfungia mama yangu kama mbuzi."

Mjomba akaagiza aletwe mwenyewe. Nilimshika mkono, tukatoka chumbani. Ukumbi ule si mkubwa, lakini alichukua muda mrefu kuuvuka, kwa zile hatua fupi, na mlangoni miguu ikagoma kabisa, kama imeshikwa na gundi, mpaka nilipomwambia aruke kizingiti. Wote waliona. Mtu yeyote mwenye macho angeona, kama angekuwa ndani ya chumba kile.

Mjomba alimwamkia, akamuuliza kama anataka kwenda mjini. Mama mkubwa akanyamaza muda mrefu. Kaka akafungua mdomo, mjomba akamkataza kwa mkono. Tukangoja. Hatimaye ile sauti ndogo ikasema hataki. Mashamba ya juu wapewe watu wanaolima njegere, karoti tupu zitauchosha udongo. Ya kijitoni yana mawe yaliyolegea, asipewe mgeni, yatabomoka. Alisema kwa vipande, anapumzika kati yake, lakini kila kipande kilikuwa na maana.

Sitaki kudanganya tena, kwa hiyo nitasema na lililobaki. Alipomaliza alimwita mjomba kwa jina la ndugu yao aliyekufa zamani, akamuuliza hali ya mkewe, ambaye naye ni marehemu. Mjomba akaitikia, akasema mkewe hajambo. Kwa hiyo kumbukumbu ilikuwa imeguswa. Ila kati ya kuguswa na kile kilichoandikwa kuna safari ndefu, na sisi tuliikata kwa dakika arobaini.

Kikao kiliamua mashamba yabaki. Wiki iliyofuata mimi na kaka tulimteremsha mjini kwa gari la kukodi, kwa daktari wa watu wazima ninayemfahamu tangu kazini, mama mtu mzima asiye na haraka. Hakuuliza swali lolote kwanza. Alimpa shikamoo, akachukua mkono wa kushoto, akaukunja na kuukunjua kwenye kiwiko. "Sikia," akaniambia, akaweka mkono wangu juu ya ule wa mama mkubwa. Ulikwenda kwa kukwama kwama, kama bawaba yenye kutu. Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada hewani. Vilianza vikiachana sana, vikaachana kidogo, vikasimama.

"Hii ni pakinsoni," akasema. "Mwili unakakamaa na kupunguza mwendo, uso hauonyeshi furaha, sauti inashuka, na jibu linachelewa kutoka hata kama mtu analo. Dawa zipo, hazimalizi ugonjwa, zinasaidia. Kumbukumbu tutaipima baadaye. Kwanza, mliangalia masikio?"

Kaka akanigeukia mimi, muuguzi.

Alichukua tochi, kisha sindano ya maji ya uvuguvugu na bakuli la chuma. Kilichotoka kwenye sikio la kulia kilikuwa donge la kahawia, gumu, kubwa kama punje ya njegere, likafuatiwa na maji meusi yenye harufu. La kushoto lilikuwa vilevile. Yalikaa ndani ya bakuli, mawili, yananikodolea macho. Mama mkubwa akainua kichwa. Barabarani lori lilikuwa linapita, akashtuka, akauliza ni kitu gani hicho.

Miaka zaidi ya thelathini ya uuguzi. Kila mzee aliyeingia wodini kwangu nilimwangalia masikio. Huyu aliyenilea nilimkalisha mbele ya mdomo unaotafuna chapati, nikamwambia asikilize vizuri.

Nilipeleka barua kwenye mradi nikieleza kila kitu. Msimamizi alinijibu kwamba fomu iliyokwisha kusainiwa haibadilishwi, ila naweza kumpangia mzee upimaji mwingine. Nikarudisha kishikwambi. Sikushangiliwa na mtu, wala sikustahili. Mtahini yule bado yupo kazini, na sina shaka siku nyingine, mtandao ukiwa mzuri na tumbo limeshiba, anapima vizuri tu.

Mama mkubwa yuko kwake. Dawa zimemrudishia hatua kidogo, na nywele zimeota. Anapika akiwa na mtu karibu, mlango uko wazi. Baadhi ya siku anasahau nani amekufa. Kaka anapanda kila Jumapili baada ya misa, analeta mkate, anakaa. Hawajayazungumza yale ya kufungiwa. Mimi nikiingia ananipokea vizuri, ila nikitoa simu mfukoni, hata kama ni kutazama saa tu, anageuza uso ukutani mpaka niirudishe.

Nilikuwa na daftari langu la safari za mradi. Usiniulize wazee wako wangapi ndani yake. Wapo wale niliowaandikia Hapana kwa sababu mvua ilikuja, au niliona aibu, au nilichoka. Nimeanza kuwarudia mmoja mmoja, kwa miguu pale bodaboda zisipofika. Naomba radhi kwa familia, naangalia masikio, nakunja mikono, nawaambia waende kwa daktari atakayewagusa. Wengine hunikaribisha chai. Wiki iliyopita nilifika kwa mzee mmoja upande wa Kinole, mstaafu wa reli. Aliponiona akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kurekebisha nilipokosea."

"Tangu uje na kile kidude chako," akasema, "mke wangu ananikatia nyama kwenye sahani. Mbele ya wageni."

Akafunga mlango. Nikasikia komeo linaingia. Nikakaa kwenye kibaraza chake, nikavua viatu vyenye tope, nikaamua kumsubiri.